Mwezi wa Saa Tatu Asubuhi

Bi Moza anasema kompyuta ya Maalim Tawakali iliingiwa na jini, tena si jini wa hapa. Anasema alikuwa anapita zake kuazima mbuzi ya kukunia nazi, hana hili wala lile, akachungulia dirishani, akaona kwa macho yake mawili kioo cha ile kompyuta kimewaka mwezi, na huku nje jua la saa sita linachoma utosi. Mwezi kamili, na vinyota pembeni, na chini yake jina la mji ambao hakuna mtu wa Kilwa Kivinje aliyewahi kuukanyaga. Anasema Benadetha wa Njinjo alikuwa anapiga kelele, Maalim anavuja jasho, na Biasha, yule binti anayemsomea Maalim, akanyoosha kidole kimoja tu, akabonya, mwezi ukageuka jua.

"Wallahi, jua!" Hapo ndipo Bi Moza humalizia, na anayemsikiliza humwongezea kahawa.

Biasha ameisikia hadithi hiyo ikimrudia kutoka sokoni, kutoka bombani, hata kutoka Kilwa Masoko. Hajaikanusha. Jini hakuwapo, na ilikuwa saa tatu asubuhi, si saa sita. Lakini mwezi ulikuwapo kweli, na kidole kilikuwa chake.

Maalim Tawakali ni mtu wa falaki. Wenye kutaka kuoa, kuhamia nyumba mpya au kufungua duka humwendea awachagulie siku kwa mwendo wa nyota. Wakulima wa ufuta walikuja baadaye, siku alipotamka barazani kwamba bei ya mnada haipandi ovyo: Zuhura na Mushtari zikikutana, bei huinuka, Zohali ikisimama mbali nazo robo ya mbingu, bei hulala. Kama ni kweli au si kweli, kila mkulima ana ushahidi wake na yuko tayari kukuapia. Ila anayetaka kuzifuata nyota sharti kwanza ajue zinakutana lini, na hilo halipatikani kwa ndoto wala kwa ramli. Hupatikana kwa kusoma namba.

Kwenye namba ndipo Biasha alipopatia nafasi. Alimaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, akayasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, lake halikuwemo. Mwaka uleule mtoto wa jicho akaanza kumfunga Maalim macho. Kitabu chake cha nyota kina maandishi madogo kama mayai ya chawa: kila ukurasa mwezi mmoja, kila mstari siku moja, kila safu nyota moja na pembe yake, daraja na dakika, daraja na dakika, mpaka chini. Maalim akaulizia mtoto mwenye macho mazima na makalio yanayoweza kutulia. Akaletewa Biasha.

Akajifunza. Ukitaka kujua Zuhura itaikuta Mushtari lini, unaweka punje ya kunde kwenye mstari ambao Zuhura bado iko nyuma, na punje nyingine kwenye mstari ambao imeshapita. Mkutano uko katikati. Ukitafuta robo, unaongeza kwanza daraja tisini. Ukitafuta nyota zinazotazamana uso kwa uso, unaongeza mia na themanini. Halafu unazisogeza punje, pole pole, mpaka ziwe jirani. Wengine kazi hiyo huwatia usingizi. Kwa Biasha ilikuwa kama kumvizia kuku anayetagia vichakani: ukikurupuka anahama, ukitulia anakupeleka mwenyewe kwenye mayai.

Tarehe ikishapatikana, mwenye kuitoa alikuwa Maalim. Katika elimu ile mwanafunzi hampi mteja tarehe kwa mdomo wake mpaka mwalimu ampe idhini, atamke mbele ya mashahidi wawili kwamba fulani ameniridhisha, mwacheni aseme. Maalim alitamkiwa hivyo na mwalimu wake kule Lindi, na yule naye na wake. Biasha aliitaka idhini hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote chini ya jua. Alijua kwamba Maalim amemwekea mwanawe, Saad, aliyeko Dar es Salaam na asiyejua Zohali inakaa wapi. Hilo halikumkatisha tamaa. Hakuwa ameiomba bado. Alikuwa anaingoja siku ambayo ataomba akiwa na haki yake mkononi, na alikuwa na hakika kwamba ikija ataitambua.

Ile kompyuta aliileta Saad. Ndani yake mlikuwa na programu ya nyota: unachagua nyota mbili, unachagua zikutane au ziachane kwa pembe gani, unaandika kuanzia mwezi upi hadi upi, unabonya, na tarehe zote za msimu zinajipanga. Maalim alifurahi mno. Herufi zilikuzwa zikawa kama maandazi, akaweza kusoma mwenyewe tena. Kitabu kikatiwa sandukuni.

Biasha naye aliipenda, na kona zake alizijua kuliko mwenyewe. Lakini alikuwa na mazoea: kila mashine ikitoa tarehe, alilifungua sanduku, akachukua kunde zake mbili, akaitafuta moja ya tarehe zile kitabuni kwa mkono.

"Unamchunguza nani?" Maalim alimwuliza siku moja. "Mimi au mashine?"

"Nawasikiliza wote, Maalim."

"Haya, sikiliza. Masikio ni yako."

Kitu kimoja tu kilimkera Maalim kwenye kompyuta ile: saa. Saa ya ukutani ikisoma tatu, ile ya kwenye kioo ilisoma tisa. "Saa tatu ni saa tatu," alilalamika. "Hiyo tisa ni ya nani? Hata saa yangu ya mkononi nimeifunga kwa Kiswahili tangu niinunue." Basi Biasha alipokwenda Njinjo kwenye arobaini ya shangazi yake, Maalim aliibeba kompyuta hadi kwa fundi simu wa Masoko, akarudi nayo saa inasoma alivyotaka. Alimwonyesha kila aliyepita barazani.

Ikafika Jumamosi ya mwezi ambao Zuhura na Mushtari zilikuwa zikisogeleana. Kila alfajiri ulizikuta mashariki juu ya mikoko, moja kali, nyingine ya kimanjano, na kila alfajiri zimekaribiana zaidi. Biasha alikuwa amekwishazitafuta kitabuni jana yake. Punje zote mbili zilimpeleka kwenye mstari mmoja, Jumatano, Zuhura daraja hiyohiyo na dakika hiyohiyo na Mushtari. Kwenye kompyuta alikuwa hajazitazama. Alipanga kumwomba Maalim wasomeane kitabu na kompyuta baada ya chai.

Chai haijapoa, mlango ukagongwa.

"Hodi kwa wenye mbingu!"

"Karibu, Benadetha," Maalim akaitikia bila kuuliza ni nani. "Leo umekuja na habari au na kelele?"

"Vyote viwili. Shikamoo Maalim."

"Marahaba."

Benadetha aliingia na vumbi la njia ya Njinjo mpaka kwenye kope. Wazee wake walishuka kutoka kwenye nyanda za Wamakonde, yeye akazaliwa Njinjo na kulima Njinjo, na shamba lake la ufuta huwezi kulipiga jiwe kutoka mwanzo likafika mwisho. Alimgeukia Biasha. "Na wewe kimya kimya, hujambo? Bado hujaolewa tu na hicho kitabu?"

"Sijambo, dada Bena. Posa bado inajadiliwa."

Benadetha alicheka, akaketi, kicheko kikakatika. "Maalim, nisikilize, sina muda. Ufuta wote uko kwenye magunia. Ghala linafunga hesabu ya mnada Jumanne jioni: ukipima kufika Jumanne, unaingia mnada wa wiki hii inayoanza, ukipima Jumatano, unasubiri wa wiki ijayo. Na wewe ulinifundisha mwenyewe, mzigo upimwe siku ya mkutano, si kabla. Faustino dereva na lori lake la Fuso anangoja simu yangu. Nyota zangu zinakutana Jumanne au Jumatano?"

Maalim aliisogeza kompyuta, akabonya, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Zuhura. Mushtari. Hii hapa. Jumanne, saa tisa. Saa tisa alasiri, ghala liko wazi."

Biasha alihisi kuna kitu kimepungua. Si woga. Ni vile unapohesabu vifaranga jioni ukakuta mmoja hayupo.

Sasa, kwa Maalim Tawakali tarehe hutamkwa mara tatu. Mara ya kwanza ni habari, mara ya pili ni nasaha, na mara ya tatu ni amana. Ikishatamkwa ya tatu haifutiki, hata kama mbingu zitafunuka na kumkosoa. Na mwanafunzi hamkatizi mwalimu mbele ya mteja. Biasha alizijua kanuni zote mbili, na alizipima pale pale alipokaa ajue ipi ni nzito.

"Jumanne," Maalim akatamka.

Benadetha akatoa simu kwenye mkoba.

"Jumanne," akatamka tena.

"Maalim, samahani," Biasha akasema. "Kabla ya ya tatu, naomba tusomeane na kitabu."

Benadetha alimtazama Biasha, akamtazama Maalim. "Haya tena! Mtu yuko kwenye mwendo, binti kasimama katikati ya njia kama trafiki! Tusomeane nini? Ufuta wangu huo!"

"Kompyuta imeshasema," Maalim akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, dalili mbaya.

"Imesema, Maalim. Na kitabu kimesema. Hawajasema siku moja."

"Punje zako zimeteleza."

"Hazikuteleza. Zimekaa mstari wa Jumatano zote mbili, sina pa kuzisogeza." Aliinuka, akafungua sanduku, akakiweka kitabu mezani pale pale, ukurasa ukiwa wazi, kunde mahali pake. Hakuharakisha. "Na saa ni ileile, Maalim. Kitabu kinahesabu usiku wa manane wa Uingereza, ambao kwetu ni saa tisa za usiku. Wewe umesoma saa tisa, mimi nimesoma saa tisa. Tunachogombania ni siku."

"Basi mmoja muongo!" Benadetha akapaza sauti. "Na mimi nataka kumjua ni nani kabla sijamwita Faustino. Msimu uliopita mlinipa Alhamisi, nikapima Alhamisi, na waliopima Ijumaa walinicheka mpaka kanisani. Nikikosa leo naenda zangu kwa yule mganga wa Lindi, ambaye hana kompyuta wala kitabu, ana bakuli la maji!"

Maalim alitoa leso akajifuta shingo. Ni hapo kichwa cha Bi Moza kilipotokea dirishani, na kibakuli cha kutilia nazi mkononi.

"Nyie, mbona mnagom... Astaghfirullah! Mwezi! Mwezi mchana wote huu!"

Wote walitazama alikokuwa anatazama yeye. Pembeni mwa kioo, palipo na saa na hali ya hewa, palikuwa na kipicha kidogo cha mwezi na nyota mbili. Kumbe kilikuwa pale kila asubuhi; Maalim kwa macho yake hakuweza kukiona, na Biasha alikizoea kama doa la ukutani. Sasa alikitazama kwa mara ya kwanza. Nje majogoo wa jirani walikuwa wanaparua mchanga juani.

"Maalim," akauliza taratibu, "huu mji ulioandikwa hapa, Brasilia, ni wapi?"

"Sijui. Pwani ya Waarabu?"

"Brazili hiyo!" Benadetha akadakia. "Kwenye mpira! Maalim hata mpira huangalii?"

"Na saa hizi kwao ni usiku," Biasha akasema, zaidi kwa nafsi yake. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama na ile ya kwenye kioo. Kisha akauliza, "Yule fundi wa Masoko ulimwambiaje, Maalim?"

"Nilimwambia ninachotaka. Ikiwa saa tatu, isome tatu."

"Basi hakuigusa saa. Alikuhamisha wewe."

"Kunihamisha vipi?"

"Kompyuta haijui saa ya Kiswahili. Fundi akatafuta mji ambao wenyewe husoma tatu wakati sisi tuko saa tatu asubuhi, akaiambia kompyuta kwamba inakaa huko. Yenyewe inaamini. Programu ikiulizwa nyota, inadhani tuko Brazili tunauliza kwa tarehe za Brazili. Nyota ni zilezile, mkutano ni uleule mmoja. Ila zikikutana, wale bado wako Jumanne usiku, hawajalala, na sisi huku tumeshaingia Jumatano, jogoo wa kwanza bado kidogo awike. Saa ikasoma tisa kwao, tisa kwetu. Ndiyo maana haikukushtua, Maalim. Isingemshtua mtu yeyote wa hapa."

Maalim aliyapitisha maneno yale kichwani moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda wenzake wajue kwamba anacheka.

"Miezi yote hii," akasema, "nimekaa barazani kwangu Kivinje, kumbe niko Brazili."

"Na kanzu," Benadetha akasema.

"Unaniruhusu niirudishe nyumbani?" Biasha akauliza.

"Irudishe."

Biasha alifungua mahali pa saa, akateremka kwenye miji mpaka akaupata wa kwetu, akabonya. Kioo kikazima kidogo, kikawaka. Pembeni palikuwa na jua. Alirudi kwenye programu, akachagua Zuhura, akachagua Mushtari, akabonya, akaisogeza kompyuta mbele ya Maalim. Maalim akainama.

"Jumatano," akasoma. "Tatu ya usiku, kwa saa ya Kizungu. Saa tisa."

Dirishani Bi Moza alikuwa ameshika mdomo. Kisha akaushusha mkono ghafla. "Ngoja kwanza! Na ya Hafsa je? Harusi ya mwanangu si ilitoka humohumo? Msiniambie mwanangu kaolewa siku ya Brazili!"

"Ya Hafsa ilikuwa ya adhuhuri, Bi Moza," Biasha akamjibu. "Mchana haukuguswa siku yake. Zilizorudi nyuma ni zile za baina ya usiku wa manane na alfajiri tu."

"Alhamdulillahi. Maana yule mkwe mwenyewe..."

"Mwache mkwe, Bi Moza," Maalim akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Na Alhamisi ya Benadetha?"

Biasha alirudi nyuma kitabuni, akapitisha kidole, na hakutaka kulipamba. "Ile hatukuisomea kitabuni, Maalim, na ilikuwa ya kabla ya alfajiri. Siku yake ilikuwa Ijumaa."

Benadetha akafumbua mdomo. Walisubiri kelele. Lakini yeye aliufumba, akazitazama kunde mbili juu ya kitabu, akatazama kioo. "Sawa," akasema. "Sasa wewe binti niambie, maana naona ndiwe unayejua. Nikipima Jumatano nikasubiri mnada wa wiki ijayo, bei itapanda?"

"Hilo sijui, dada Bena."

"Hujui!"

"Siku naijua. Siku nakupa na naisimamia, leo na kesho. Bei wanaijua wanunuzi, na Mungu kabla yao."

"Maalim je?"

"Zikikutana huinuka," Maalim akasema. "Mara nyingi."

"Mara nyingi!" Benadetha alimgeukia Bi Moza dirishani kana kwamba wanafahamiana miaka. "Umesikia? Nimekuja na ufuta, naondoka na mara nyingi." Lakini alikuwa anatabasamu. Mtu aliyeonyeshwa kwa macho jinsi alivyokosea mwaka jana huwa na utulivu fulani, hata kama ya mwaka huu hayajui. "Itamke basi, Maalim. Nimpigie Faustino gari lije Jumatano."

Maalim alijiweka sawa kwenye kiti. "Jumatano," akatamka. Akamtazama Biasha, na Biasha akatikisa kichwa kukubali. "Jumatano." Akavuta pumzi. "Jumatano."

Mara zote tatu alitamka mwenyewe, hakumwachia Biasha hata moja. Biasha aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Maalim akaivuta kompyuta kwake, akakunja uso. "Ila sasa saa yangu itasoma tisa tena."

"Itasoma tisa," Biasha akasema, "na mimi nitakusomea tatu."

"Utanisomea mpaka lini?"

Aliuliza kama mzaha, lakini Biasha hakulichukua kama mzaha. Alitazama chumba. Benadetha bado yumo, simu mkononi, hajaipiga. Bi Moza bado yuko dirishani, nazi yake ameshaisahau. Watu wawili wazima, wenye akili zao na wenye midomo. Kitabu kiko wazi mezani, kompyuta imewaka, na vyote viwili vinasema siku moja. Akafahamu kwamba siku aliyokuwa akiingoja imekuja, tena imekuja asubuhi, na vumbi la Njinjo miguuni. Hakuona haja ya kuiahirisha.

Alizichukua zile kunde, akazitia mfukoni. Akakifunga kitabu. Akaja mbele ya kiti cha Maalim, akapiga magoti kwa adabu, lakini uso hakuuinamisha.

"Maalim," akasema, kwa sauti ambayo hata aliye dirishani aliisikia vizuri, "nimekusomea tangu nina nywele mbili za kusuka. Leo umeyaona mwenyewe, na mashahidi hawa hapa. Naomba idhini. Nitoe tarehe kwa mdomo wangu na kwa jina langu. Saad akirudi akiitaka, mpe na yeye. Mbingu zinatutosha wote. Lakini mimi naiomba leo."

Bi Moza hakupepesa macho. Simu ya Benadetha ikaita, Faustino huyo. Akaibonya ikanyamaza, akaiweka kifuani.

Maalim Tawakali alivua miwani yake, akaishika mapajani. Macho yake yenye ukungu yalimtafuta Biasha, yakampata, yakabaki pale. Midomo yake ilifunguka. Biasha alingoja.